Mia Isiyochomwa

Zamani za utawala wa Wadachi, katika kijiji cha Ikombe, mahali ambapo milima hushuka wima hadi majini na kuwaachia watu ukanda mwembamba tu wa kujengea nyumba, alikuwapo mwanamke mfinyanzi aliyeitwa Yunis. Jina hilo alilipata ukubwani, siku alipobatizwa pamoja na mumewe, Raphaeli. Haukupita muda mrefu, Raphaeli akachukuliwa na msafara wa boma kubeba mizigo kwenda bara, na hakurudi. Hakuna aliyeleta habari ya kifo chake, wala hakuna aliyeleta salamu yake. Kwa hiyo Yunis hakuwa mjane wa kuliliwa, wala hakuwa mke wa kuulizwa habari za mume. Watu hawakujua wamsalimu kwa neno gani, na asiyejua la kusema mara nyingi huchagua njia nyingine ya kupita.

Hakujaliwa mtoto. Jioni, wakati nyumba nyingine zilipokuwa na kelele za kugombea ukoko wa ugali, nyumbani kwake ulisikika mlio mmoja tu: kokoto laini ikisugua tumbo la chungu kibichi. Alifinyanga kwa sababu mikono yake haikuwa na kitu kingine cha kushika. Mwanamke mwenye mume, watoto na shamba la mihogo hufinyanga anapopata nafasi. Yunis alikuwa na nafasi tele, kuliko alivyoihitaji. Vyungu vilijaa ukumbini, vikajaa chumbani, vikapangwa hata upande wa kitanda ambao zamani alilala Raphaeli.

Sasa, wafinyanzi wa Ikombe walikuwa na desturi yao. Hawakuchoma vyungu kila mtu kivyake, maana kuni ni za kutafutwa mlimani, na moto mdogo huchezewa na upepo wa ziwa, ukapasua vyungu ovyo. Walichoma pamoja ufukoni, katika lundo moja la nyasi na kuni, na kila mmoja aliweka alama yake chini ya mdomo wa chungu ili asipoteane na mali yake. Waliochoma pamoja ndio waliopakia pamoja mtumbwi wa kwenda Lyulilo, kwenye soko, ambako wakulima wa bondeni walikuja na mahindi, maharage na ndizi. Huko chungu hakikuwa na bei nyingine ila tumbo lake: mnunuzi alikijaza nafaka, akaimimina nafaka kwa mfinyanzi, akachukua chungu.

Moto ulipopoa, wanawake waliondoa majivu na kutenga vilivyovunjika. Vigae vya kila mmoja viliwekwa mbele yake, wazi, chungu kimoja kilichovunjika kigae kimoja kikubwa. Yule ambaye lundo lake la vigae lilizidi malundo yote mara tatu mfululizo, alihesabiwa kuwa moto umemkataa. Alitengwa. Hakuchoma na wenzake, wala hakupanda mtumbwi wao, hata mavuno mawili yapite.

Msimu ule lundo la Yunis lilizidi mara ya kwanza. Likazidi na mara ya pili.

"Mwenzangu, moto unakutafuta," alisema Angetile, mkubwa wa wafinyanzi, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ghuba. "Labda una neno moyoni hujalitubu."

"Labda ni Raphaeli anataka chungu cha kupikia huko aliko," alidakia Felista, ambaye ulimi wake haukuwahi kupitwa na nafasi, na wenzake wakacheka.

Yunis alikusanya vigae vyake katika ungo, akaenda navyo nyumbani. Alijua maana ya mara ya tatu. Kuchomea peke yake alikuweza, kwa shida. Kwenda Lyulilo kwa miguu, juu ya mawe ya pembeni mwa ziwa, na vyungu kichwani, nako alikuweza. Lakini siku ya kuchoma na siku ya mtumbwi ndizo siku pekee ambazo watu walikaa karibu naye hata bega likagusa bega. Hakuwa na nyingine. Walimcheka, ndiyo, lakini hata kuchekwa ni kuwa kati ya watu.

Alikuwa na mtu mmoja tu aliyeingia uani kwake: Neli, mke wa mwana wa Angetile, binti wa bondeni ambaye hakuzaliwa katika udongo. Mumewe alikuwa mbali, akifanya kazi bomani. Neli alikuja na mtoto wake mgongoni, akijifanya anaomba kaa la moto, akakaa.

"Ugonile, Mama," husalimu, kwa lugha ya kwao.

"Ndaga, mwanangu. Kaa limezimika tena?"

"Limezimika, Mama. Kwetu moto haukai kama mimi nisivyokaa." Kisha huchukua bonge la udongo, na Yunis humwonyesha namna ya kuvuta ukingo bila kuuchosha. Mkono wa Neli ulikuwa mzuri, ila alikuwa na haraka. Hakusubiri chungu kikauke kivulini. Alikiweka juani, kwa sababu mama mkwe alimwuliza kila siku amefinyanga vingapi, na mtoto alilia.

"Akisema sijui kazi, atanirudisha kwetu," Neli alisema siku moja. "Amekwisha kuapa. Na mtoto atabaki, maana ni wao."

Basi ikawa siku moja Yunis alipeleka mtungi wa maji katika shule ya misheni. Mwalimu aliitwa Ezra, kijana mwembamba, mwenye desturi ya kurudia kila sentensi mara mbili kana kwamba ya kwanza ilikuwa ya kujaribia. Alikuwa akiwafundisha watoto kwa habari ya mbegu za mpunga.

"Yohana alipanda mbegu hamsini, zikafa kumi. Mwenzake, Aliko, alipanda mbegu ishirini, zikafa tano. Nani alikuwa na mbegu mbaya zaidi?"

"Yohana!" watoto walipiga kelele.

"Kwa nini Yohana?"

"Zake zimekufa nyingi!"

"Kaeni chini. Mmehesabu makaburi, hamkuhesabu mji." Mwalimu akageukia ubao. "Tuwape wote wawili mji wa ukubwa mmoja. Tuseme kila mmoja alipanda mia. Hamsini huingia mara mbili katika mia. Basi vifo kumi mara mbili ni ishirini. Ishirini huingia mara tano katika mia. Vifo vitano mara tano ni ishirini na tano. Kwa kila mia, Yohana hupoteza ishirini, Aliko hupoteza ishirini na tano. Mbaya ni za Aliko."

Yunis alikuwa amesimama mlangoni, mtungi bado kichwani. Hakuutua. Alisimama hivyo hata maji yakaanza kumdondoka begani, na watoto wakageuka kumtazama.

Alirudi kesho yake, watoto walipokwisha kwenda zao.

"Mwalimu, ile mia ya jana."

"Ndiyo, Mama."

"Naitaka."

Hicho ndicho kipimo ambacho watoto wa siku hizi hukiita asilimia, na hukipata bure wakiwa bado wadogo. Yunis alikipata kwa taabu. Taabu ya kwanza ilikuwa hii: Ezra alipomwambia kwamba mtu aliyechoma vyungu hamsini na kuvunjikiwa saba amevunjikiwa kumi na vinne kwa kila mia, Yunis alishika shavu.

"Saba vingine vitavunjika tena, Mwalimu?"

"Hapana, Mama. Hapana."

"Na hivyo hamsini vya kutimiza mia, nitavifinyanga lini? Kuni zake je?"

Ezra alicheka, kisha akaona kwamba mama hatanii, akaacha kucheka. "Mia hii haichomwi, Mama. Haichomwi. Ni ya kulinganishia tu. Unawapa watu wote mia moja moja ya kufikiri, kisha unatazama nani amepoteza zaidi."

Yunis alitafakari. "Kama wote tukipimiwa kwa kibaba kimoja."

"Kama kibaba kimoja."

Akaanza kuipeleka mia yake kila mahali, na kokoto za kuhesabia katika pindo la nguo. Kuku wake alitaga mayai kumi, mawili yakaoza: ishirini kwa kila mia. Kwenye mkungu aliopewa sokoni alikuta ndizi ishirini na tano, moja imeliwa na panya: nne kwa kila mia. Mwalimu alimwonya pia kwamba hesabu ndogo si ya kuaminiwa upesi. "Mia iliyozaliwa na hamsini ina mifupa, Mama. Mia iliyozaliwa na kumi ni nyembamba. Kigae kimoja tu kikizidi au kupungua, yote inatikisika."

Asubuhi moja alikaa barazani akasugua vyungu, akihesabu bila kukusudia watu waliopita njiani na wale waliomsalimu. Walipita ishirini. Walimsalimu watatu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kokoto, ukazipanga. Kumi na tano kwa kila mia. Alizitazama kokoto zile kwa kitambo, kisha akazifagia kwa kiganja na kuingia ndani, na siku ile hakufinyanga tena.

Siku ya kuchoma ya tatu ikafika. Wenzake wengi walikuwa mashambani, kwa hiyo walichoma wanne tu: Angetile vyungu ishirini na vitano, Felista ishirini, Yunis hamsini. Wa nne alikuwa Neli, ambaye mama mkwe alimruhusu kwa mara ya kwanza kuweka vyake katika moto wa wakubwa. Alileta kumi. Alivipanga kimoja kimoja, akamtupia Yunis jicho, na Yunis akamwitikia kwa kichwa.

Moto uliwaka vizuri. Ulipopoa, wakaondoa majivu, wakatenga vigae. Mbele ya Felista, vitatu. Mbele ya Angetile, vitano. Mbele ya Neli, vinne. Mbele ya Yunis, sita.

"Basi," alisema Angetile. Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu afungaye mlango usiku. "Mara tatu. Desturi ni desturi, Yunis."

"Naomba kusema."

Wakatazamana. Yunis hakuwa na tabia ya kusema.

"Sema, dada, kabla moto haujakujia mwenyewe," akatania Felista.

Yunis akapiga magoti mchangani, akamimina kokoto zake kutoka kwenye pindo la nguo. "Pale Lyulilo, chungu kikubwa hujazwa mahindi mengi, na chungu kidogo hujazwa machache. Mmewahi kusikia mtu akisema chungu kikubwa kina uroho?"

"Hatujasikia."

"Hamsemi kina uroho kwa sababu mnajua ni kikubwa. Basi mimi nilileta hamsini. Lundo langu ni kubwa kwa sababu kazi yangu ni kubwa. Tupimane kwa kibaba kimoja."

Akawaonyesha. Alichora duara mchangani, akaliita mia. Vyungu vyake hamsini viliingia mara mbili. Akaweka kokoto sita, kisha sita tena. Kumi na mbili. Vya Felista ishirini viliingia mara tano. Akaweka tatu, tatu, tatu, tatu, tatu. Kumi na tano. Felista alisogea, akazihesabu mwenyewe kwa kidole, midomo ikicheza. Vya Angetile vikaingia mara nne. Tano, tano, tano, tano. Ishirini.

Wakaona jambo ambalo lilikuwapo siku zote. Felista ndiye aliyetangulia kusema. Alipiga makofi.

"Yoo! Mama Angetile, leo kigae kimekurukia mwenyewe! Moto umemkataa mkubwa wa moto!"

Angetile alisimama. Uso wake ulikuwa umebadilika, lakini hakuwa mtu mpumbavu, na hesabu alikuwa ameielewa. Yunis aliona kwamba ameielewa, na moyo wake ukaruka kwa matumaini ambayo hakuyajua kwa miaka mingi.

"Haya," alisema Angetile. "Sikatai. Kibaba kimoja ni haki. Lakini kisimpime huyu kikamwacha yule. Bado Neli. Mhesabu Neli, na mwenye mia mbaya kuliko wote ndiye atoke. Leo hii hii. Hatungoji mara tatu, maana kipimo chako kinajua yote mara moja, sivyo?"

Yunis akanyoosha mkono kwenye kokoto. Kumi huingia mara kumi katika mia. Nne mara kumi. Hakuna hesabu iliyo rahisi kuliko hiyo. Ilikwisha kichwani mwake kabla vidole havijagusa mchanga. Arobaini.

Mkono ukasimama.

Aliinua macho. Neli alikuwa amesimama nyuma ya mama mkwe wake, mtoto amelala mgongoni, vigae vyake vinne miguuni. Hakuwa na hofu. Hilo ndilo lililomchoma Yunis: binti yule alikuwa akitabasamu, kwa furaha ya kuona mama yake wa udongo anashinda, bila kujua kinachofuata.

Yunis aliyakumbuka maneno ya Mwalimu kuhusu mia nyembamba. Angeweza kuwaeleza kwamba kumi ni chache, kwamba huu ni moto wa kwanza wa Neli, kwamba hesabu hii haina mifupa. Lakini wale aliowaona mbele yake walikuwa wamechukua miaka yote hiyo kujua kwamba kazi kubwa ina vigae vingi. Wangesikia neno moja tu, arobaini, na Angetile angelibeba neno hilo hadi nyumbani kwake, na kutoka hapo hadi bondeni kwa kina Neli, na mtoto angebaki.

"Tunangoja," alisema Angetile.

"Ya kumi sijafundishwa," alisema Yunis.

"Nini?"

"Mwalimu hakunifikisha kwenye kumi. Hiyo imenishinda."

Kwanza hawakumwelewa. Kisha Felista akaangua kicheko hata akajishika mbavu. "Hamsini anaijua! Ishirini na tano anaijua! Kumi, vidole vyake mwenyewe, imemshinda! Dada, tazama mikono yako!"

Angetile hakucheka. Alimtazama Yunis kwa muda, akamtazama mkwe wake, na huenda aliona kitu, au huenda hakuona. Kisha akapitisha mguu juu ya mchanga, na duara la mia likafutika.

"Hesabu inayochagua wa kumhesabu si hesabu," alisema. "Tubaki na desturi. Chukua vigae vyako, Yunis. Na vyungu vyako usipakie."

Akavichukua. Alivipeleka nyumbani kwa safari nyingi, akipita mbele yao wakati wakipakia mtumbwi, na kila alipopita mazungumzo yalipungua kidogo, kisha yakaendelea. Neli alitaka kumsaidia, akavutwa mkono. Baadaye Neli hakuja tena kuomba kaa. Alikuwa amekatazwa, na pengine, kama wengine wote, aliamini kwamba mama yake wa udongo alijisifu kwa elimu asiyokuwa nayo, akaaibika mbele ya watu.

Ezra alisikia habari, akamjia. Alisimama uani, kofia mkononi.

"Mama, wanasema kumi ilikushinda. Kumi."

"Ilinishinda, Mwalimu."

"Lakini yale mayai kumi ya kuku wako, ulinihesabia wewe mwenyewe, mbele yangu."

"Basi nilisahau."

Mwalimu alifungua mdomo ili arudie swali, kama ilivyokuwa desturi yake. Kwa mara moja hakurudia. Alimuaga kwa heshima, akaenda zake.

Tangu hapo Yunis alichomea nyuma ya majabali, mahali ambapo moshi wa wenzake ulionekana lakini sauti zao hazikufika. Alitafuta kuni peke yake, kwa hiyo alichoma vichache. Upepo ulimchezea moto. Mara ya kwanza alichoma ishirini, vikavunjika vitano. "Ishirini na tano kwa kila mia," alisema kwa sauti, kana kwamba kuna mtu aliyeuliza. Mfinyanzi hulia gaeni, husema wahenga. Yunis alichagua kigae kilicho pana kuliko vyote, akakipeleka nyumbani, na jioni akalia ugali wake humo.

Lyulilo alikwenda kwa miguu. Siku moja, baada ya mavuno ya kwanza, alikuwa amekaa pembeni mwa soko na vyungu vyake vitatu, Felista akapita na kapu la ndizi. Alisita. Kisha, kwa kuwa ulimi wake haukuweza kumpita mtu bila kusema kitu, alisema.

"Dada, hujambo. Umekonda."

"Sijambo. Moto wenu je?"

"Moto wetu mzuri. Yule binti wa bondeni ndiye wa ajabu. Siku hizi anaanika kivulini kama kikongwe, humharakishi. Jana kachoma ishirini, vimevunjika viwili tu. Mkwewe anamsifu mpaka tumechoka."

"Viwili?"

"Viwili. Haya, nakwenda, mtumbwi unanisubiri."

Yunis alimtazama akishuka kuelekea majini, mahali ambapo wanawake wengine walikuwa wakiketi bega kwa bega kati ya mahindi yao. Neli alikuwamo, amempa mgongo, akimnyonyesha mtoto. Mtumbwi ukasukumwa. Yunis akaokota kokoto mbili zilizokuwa karibu na mguu wake, akaziweka mchangani. Akaongeza mbili. Akaongeza mbili, na mbili, na mbili.

"Kumi kwa kila mia," alisema.

Hazikuwa mbaya kuliko zile kumi na mbili zake mwenyewe za siku ya duara; zilikuwa bora. Akaziacha kokoto pale pale zilipo, akamgeukia mkulima mmoja aliyekuwa ameanza kumimina maharage katika chungu chake cha kwanza, na kumwambia akitikise kidogo ili kijae sawasawa.